Deni la Furaha

Katika kisiwa cha Mombasa, mtu akitoka Barabara ya Digo, si mbali na Marikiti, huingia katika mtaa uitwao Biashara Street. Jina hilo linaustahili mtaa huo. Maduka yamepangana kwa safu mbili, na mbele ya kila duka leso zimetundikwa kama bendera za sikukuu. Humo limo duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, ambalo leso zake za chapa ya "Mali ya Abdulla" zimevaliwa na akina mama wa pwani kizazi baada ya kizazi. Kila kitu kilichomo mtaani humo kina bei yake. Mwuzaji hutaja bei, mnunuzi hushusha, mwuzaji huapa kwamba hapati faida, mnunuzi hujifanya anaondoka, kisha wote wawili hukutana katikati. Fedha ikishatoka mkono huu ikaingia mkono ule, kila mmoja huenda zake, wala hapana amdaiye mwenziwe. Huo ndio uzuri wa biashara: humaliza mambo.

Lakini maisha yana mambo mengi yasiyomalizika kwa njia hiyo. Mtu akikupa chakula ukamlipa, mmeachana salama. Mtu akikupa furaha, furaha ambayo hukumwagiza wala yeye hakukutajia bei yake, je, una deni lake? Na kama unalo, hulipwa kwa nini, na hulipwa lini? Hilo ndilo swali ambalo nataka tulipime pamoja katika insha hii.

Swali hili halikunijia kitabuni. Lilinijia katika mtaa huo huo wa Biashara, na lilikuja pamoja na aibu.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nami nimerudi nyumbani kwa likizo. Mama yangu alinituma nikanunue jozi sita za leso kwa ajili ya arusi ya binamu yangu. Leso, kama mjuavyo, huuzwa mbili zikiwa zimeshikamana. Ni lazima zikatwe, kisha zipindwe ncha zake zisije zikafumuka. Mafundi wa kupinda huketi na vyerehani vyao katika baraza za maduka. Nikamwendea mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe na kofia ya kazi ya mkono. Nilimwamkia, akaniitikia kwa upole, akanitajia ujira wake: shilingi 30 kwa kila jozi. Nami, kwa kuwa nilikuwa kijana niliyejiona mwerevu, nikamwambia shilingi 20.

"Mwanangu," akasema, "uzi nao umepanda bei."

Nikamjibu kwamba mafundi mtaani ni wengi. Mzee akanitazama kidogo, akatabasamu, akazipokea leso. Nilisimama nikimtazama akifanya kazi. Cherehani chake kilikuwa cha kukanyaga kwa miguu, naye alikikanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake. Ule wa kulia aliunyosha pembeni kama fimbo. Upindo wake ulikuwa umenyoka kama uliopigwa kwa rula. Nikamlipa shilingi 120, nikaenda zangu nikihesabu moyoni shilingi 60 nilizookoa.

Jioni nilimsimulia baba yangu faida yangu. Nilitazamia kusifiwa. Baba aliuliza tu kwamba fundi huyo alikuwa mtu wa namna gani. Nilipotaja mguu wa kulia usiokunjika, na kovu dogo lililokuwa juu ya jicho lake, baba aliweka kikombe chake chini. Akanyamaza kitambo, kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau mpaka leo.

"Nilipokuwa mtoto," alisema, "sikuwa na senti za kiingilio cha uwanjani. Nilikuwa nikipanda mwembe uliokuwa nje ya ukuta. Mtu huyo nilimtazama akicheza mpira kwa muda wa miaka mitatu, nami sikulipa hata senti moja. Siku alizocheza yeye nilisahau njaa. Na leo mwanangu amemkata shilingi 60."

Asubuhi yake nilirudi Biashara Street na shilingi 60 mkononi. Mzee alipojua sababu ya kurudi kwangu alicheka mpaka akavua miwani. Fedha hakuipokea. "Kazi ya leso tulipatana," alisema, "na mapatano ni mapatano. Kama ni ule mpira, mpira haukuwa na bei. Mwambie babako aje tuzungumze." Nikaondoka na fedha zangu, nazo zilikuwa nzito kuliko nilivyokuja nazo. Habari ya kukutana kwao nitaieleza mbele.

Ili mpate kuelewa maneno ya baba yangu, hamna budi kujua mpira ulikuwa nini katika miaka ile. Mashindano ya Kombe la Gossage yalianza mwaka 1926 baina ya Kenya na Uganda. Tanganyika ikaingia mwaka 1945, na Unguja mwaka 1949. Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka 1963, mwaka ule ule tuliopata uhuru, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Nakuru AllStars. Mwaka 1965 ubingwa ulikuja pwani, ukatwaliwa na Feisal ya Mombasa. Kisiwa hiki kilikuwa na wachezaji kama Ali Kajo, ambaye sifa zake zilivuka Nyali na Makupa zikafika hata timu ya taifa. Lakini mchezaji wa siku zile hakuwa na mshahara wa mpira. Mchana alikuwa mtu wa bandarini, au wa reli, au wa ofisi, au fundi. Jioni ndipo alipokuwa mchezaji. Alicheza kwa mapenzi yake, kwa heshima ya timu yake, na pengine kwa nauli na chai.

Jina la mzee wa Biashara Street sitalitaja, kwa kuwa yeye hakulitangaza. Badala yake nitatwaa maisha ya mtu ambaye jina lake linajulikana Kenya nzima, maana kisa cha wote wawili ni kimoja.

Joe Kadenge alizaliwa mwaka 1935 katika nchi ya Wamaragoli, magharibi ya Kenya. Alichezea Maragoli United, akachezea Abaluhya, na kwa miaka mingi aliichezea timu ya taifa. Wale waliomwona husimulia jinsi alivyokuwa akiwapita walinzi, mpira ukimfuata mguuni kama mtoto amfuatavyo mama yake sokoni. Lakini waliomwona kwa macho walikuwa wachache kuliko waliomsikia kwa masikio. Redio ilikuwa ikitangaza mchezo, na watu walikusanyika dukani, kibandani, na barazani kwa mwenye redio, wakisikiliza. Maneno matatu ya mtangazaji yalikuwa yakirudiwa na watoto wa kila mji, "Kadenge na mpira," hata yakawa kama methali. Mtoto wa Mombasa ambaye hajapata kuiona Vihiga, na hajui kama ni mlima au mto, alipopata mpira wa matambara uchochoroni aliita kwa sauti kwamba yeye ndiye Kadenge.

Huyo ndiye mtu aliyeifurahisha nchi. Na baadaye? Baadaye aliendesha teksi jijini Nairobi. Mwaka 2002 aliitwa kuifundisha timu ya taifa. Alipokuwa mzee alipatwa na kiharusi, akaugua kwa miaka mingi. Magazeti yalikuwa yakimkumbuka kwa vipindi, na mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta alimtembelea nyumbani kwake Nairobi. Alifariki dunia tarehe 7 Julai 2019, akiwa na umri wa miaka 84. Siku hiyo maneno yale matatu yalisikika tena kila mahali, na kila mtu alikuwa na la kumsifu.

Sasa na tulipime swali letu. Wako watu watakaosema kwamba hapana deni hapa. Hawa nitawaita watu wa mizani. Wao husema hivi: deni huzaliwa na mapatano, pasipo mapatano hapana deni. Kadenge hakulazimishwa kucheza. Alicheza kwa kuwa alipenda, na furaha aliyotupa sisi, yeye mwenyewe aliipata kwanza. Kama kila mtu atufurahishaye anatudai, basi tunadaiwa na ndege waimbao alfajiri, na mwezi mpevu, na jirani mwenye kicheko kizuri. Nani ataweza kulipa?

Hoja hii ina nguvu, wala si haki kuidharau. Lakini itazameni vizuri. Ndege hazeeki mbele yetu akatuangalia. Mwezi haupatwi na kiharusi. Mtu ametoa katika mwili wake kitu kisichorudi: magoti yake, mifupa yake, na miaka yake ya ujana ambayo wenziwe waliitumia kujenga nyumba na kutafuta cheo. Kwamba alikitoa kwa kupenda hakukifanyi kuwa bure. Mama naye humlea mtoto kwa kupenda, hapakuandikwa mkataba baina yao, na furaha ya kumlea aliipata; lakini nani katika sisi atakayesimama mbele ya watu aseme kwamba hana deni kwa mama yake? Basi yako madeni yasiyotokana na mapatano. Hutokana na kupokea.

Wengine watasema: naam, deni lipo, lakini lilikwisha lipwa. Mchezaji alilipwa kwa sifa. Watu maelfu waliliita jina lake, na kuna matajiri wangapi watakaokufa bila ya kuitwa na maelfu? Hawa nitawaita watu wa makofi.

Kwao nitasema kwamba sifa ni malipo ya namna ya ajabu. Hutolewa kwa wingi siku ambayo mtu haihitaji, na hukosekana siku aihitajiyo. Huko Brazili alikuwako mchezaji aliyeitwa Garrincha. Miguu yake ilikuwa imepinda, mmoja mfupi kuliko mwenziwe, naye kwa miguu hiyo aliisaidia nchi yake kutwaa Kombe la Dunia mwaka 1958 na tena mwaka 1962. Watu wa nchi yake walimwita furaha ya watu. Alikufa mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 49, ulevi umemmaliza na umaskini umemzunguka. Na watu kwa maelfu walijaa njiani kuusindikiza mwili wake. Ulevi ulikuwa kosa lake mwenyewe, na mtu hulipa makosa yake. Lakini watu wale wote, walikuwa wapi juma moja kabla ya mazishi? Makofi hayanunui dawa. Tena ajabu nyingine ya makofi ni hii: humfurahisha apigaye kuliko apigiwaye. Tunapoliita jina la mchezaji, mara nyingi tunajisifu sisi wenyewe, kwamba ni wa kwetu. Hayo si malipo. Ni furaha ya pili tunayoitwaa kwake juu ya ile ya kwanza.

Hoja ya tatu ni nzito kuliko zote mbili, na mwenyewe ni mtu mwenye heshima kubwa katika historia ya fikira. Katika mji wa Athene wa kale, mtu aliyeshinda katika michezo ya Olimpia alipewa chakula na serikali ya mji, katika jumba la baraza, maisha yake yote. Mwaka 399 kabla ya Kristo, Sokrate alipohukumiwa na watu wa mji huo na kutakiwa ataje adhabu iliyomfaa, alisema kwamba yeye ndiye aliyestahili kulishwa katika jumba hilo, kuliko mtu aliyeshinda mbio za farasi. Sababu yake ilikuwa kwamba mshindi wa mbio huwafanya watu wajione kuwa wana heri, bali yeye Sokrate, kwa kuwafundisha watu kujichunguza, alijitahidi wawe na heri kweli kweli. Maneno haya humfanya mwalimu kama mimi avimbe kifua. Kama kuna deni, basi kwa nini tusianze na walimu, wauguzi, wakulima, na wazoa taka wa mji? Mpira ni mchezo tu. Dakika 90 zikiisha, njaa iko pale pale.

Nakiri kwamba mpira haumfanyi mtu kuwa mwema, na kwamba mji unaomlisha mchezaji ukamwua mwenye hekima ni mji uliopotoka. Lakini kumlipa mmoja si kumnyima mwingine. Tena furaha ile ya miaka ya sitini haikuwa kivuli kitupu. Nchi yetu ilikuwa changa. Watu waliokuwa wametawaliwa kwa kutengwa, huyu kwa rangi yake, yule kwa kabila lake, walikuwa hawajazoea kufurahi pamoja. Ni kweli kwamba timu zenyewe zilikuwa zikibeba majina ya makabila, Luo Union na Abaluhya, na pengine mchezo uliwatenga watu badala ya kuwaunga. Lakini timu ya taifa ilipoingia uwanjani, Mdigo na Mgiriama, Mswahili na Mkamba, walishikana mikono kwa sababu ya goli la Mmaragoli. Nimeuliza wazee wengi wa Mombasa juu ya siku zile. Magoli yenyewe wameyasahau zaidi ya nusu. Wanalolikumbuka ni nani alikuwa ameketi karibu nao redio ilipopiga kelele. Watu wanaofurahi pamoja leo huenda kesho wakavumiliana. Na huko kuvumiliana ndiko Sokrate mwenyewe alikokukosa kwa watu wa mji wake.

Basi deni lipo. Ni deni la namna gani? Hapa ndipo penye moyo wa jambo.

Yako madeni ya namna mbili. Deni la kwanza ni la sheria. Nikikopa gora la kitambaa katika duka la Biashara Street, mwenye duka ana haki ya kunidai, kunikumbusha, hata kunipeleka mahakamani. Naye hapungukiwi na heshima yake kwa kunidai. Deni la pili ni la ungwana. Hili mwenyewe hawezi kulidai. Mchezaji mzee akisimama njiani aseme, "Niliwafurahisha, nilipeni," watu watamcheka au watamwonea huruma, na papo hapo atakuwa amegeuka mwombaji. Neno likishamtoka kinywani, haki yake imekwisha kuwa sadaka. Ndiyo maana mzee wangu alitabasamu nilipomshusha bei, asiniambie yeye ni nani. Deni la sheria hukumbushwa na mdai. Deni la ungwana hukumbushwa na mdaiwa mwenyewe. Ni wajibu wake kwenda kabla hajaitwa.

Mtu mmoja peke yake hawezi kulilipa deni la watu maelfu, ndiyo sababu watu wana serikali. Kenya ilipitisha Sheria ya Mashujaa mwaka 2014, inayotambua kwamba shujaa anaweza kupatikana hata michezoni, na kila tarehe 20 Oktoba huadhimishwa Siku ya Mashujaa. Hayo ni mambo mema. Lakini sheria ni kama mtungi: kuwa nao si kuwa na maji. Hotuba ya siku moja haimtoshi mtu ambaye dawa zake ni za mwaka mzima.

Hata hivyo nawatahadharisha na kosa moja, nalo nililifanya mimi mwenyewe. Siku ile niliporudi na shilingi 60, nilimwambia mzee kwamba nasikitika kumwona mtu kama yeye akipinda leso barazani. Hapo tu ndipo nilipomwona akikunja uso. "Cherehani hiki kimekosa nini?" aliuliza. "Mpira nilikuwa nao jioni. Cherehani kimenilisha mchana, kimewasomesha wanangu." Nikajua kwamba nimemtukana mara ya pili. Mara ya kwanza nilimpunja ujira wake, na mara hii nimeidharau kazi yake. Kadhalika Kadenge kuendesha teksi si jambo la kumlilia, maana kazi ya halali haimshushi mtu. Linaloaibisha ni abiria kuketi nyuma yake akabishana naye juu ya nauli huku akiimba "Kadenge na mpira". Linaloaibisha ni maradhi kumkuta mtu huyo, nasi tukasubiri mazishi.

Nanyi vijana mnaosoma, miongoni mwenu wako walio hodari uwanjani. Msiuache mpira, lakini jifunzeni na kazi. Siku hizi wako wachezaji wanaolipwa fedha nyingi, nami nawaombea mfike huko. Lakini miguu ina umri wake, na goti halina bima ya makofi. Mzee wa Biashara Street alikuwa na akili kuliko Garrincha: aliushika mpira kwa mguu mmoja na cherehani kwa mwingine, na mguu mmoja ulipovunjika, mwingine ulimbakia.

Nilisema nitaeleza habari ya baba yangu na mzee. Baba alikawia kwenda. Kila wiki alikuwa na udhuru, na nadhani alikuwa akiona haya, kama mtoto aliyeiba kiingilio. Mwishowe nilimchukua mwenyewe. Waliamkiana, baba akaketi juu ya benchi la wateja, na kwa muda wa saa moja leso hazikupindwa. Baba alimsimulia mzee goli moja alilolikumbuka kuliko yote: jinsi mzee alivyoupokea mpira kutoka upande wa kushoto, akawapita wawili, akamwangusha golikipa, akautia mpira wavuni polepole kama atiaye barua katika sanduku la posta. Goli hilo baba amenisimulia tangu nikiwa mdogo. Alipokuwa akilieleza, mkono wake ulikuwa ukitetemeka.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Goli hilo silo langu," akasema. "Mimi nilitoa mpira tu. Aliyelitia ni mwenzangu wa upande wa kulia. Alikufa kijana, na watu hawamtaji tena. Lakini goli ni lake." Akalitaja jina la mwenziwe, jina la baba yake, na mtaa alikozaliwa, akamtaka baba alirudie jina hilo, na baba akalirudia.

Fikirini jambo hili. Mtu ambaye nchi ilimsahau anapewa sifa, kwa mara ya kwanza baada ya miaka karibu hamsini, na mtu anayempenda kwa moyo wote. Hapana shahidi atakayemwumbua. Mwenye goli yuko kaburini. Angeweza kunyamaza tu, na kunyamaza kusingekuwa hata uwongo. Lakini hakukubali kuchukua kisicho chake. Alikuwa akidaiwa na maiti, na deni hilo alilipa papo hapo, kwa fedha pekee aliyokuwa nayo, yaani ukweli.

Katika pwani yetu neno ungwana lina historia. Zamani lilikuwa na maana ya kuzaliwa huru, kuwa si mtumwa. Ng'ambo ya maji, mkabala wa kisiwa hiki, uko mtaa wa Frere Town waliowekwa watumwa waliokombolewa. Katika kizazi chao alizaliwa, mwaka 1940, Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyefariki mwaka 2025. James Mbotela, wa ukoo huo huo, ndiye mwandishi wa kitabu cha *Uhuru wa Watumwa*. Tangu mwaka 1966 mtangazaji huyo alikuwa na kipindi cha redio kilichowauliza Wakenya swali moja juu ya matendo yao ya kila siku: *Je, Huu ni Ungwana?* Tazameni jinsi dunia inavyogeuka. Mjukuu wa watu walioambiwa kwamba si waungwana ndiye aliyeifundisha nchi nzima kwamba ungwana hauko katika damu, uko katika tendo. Na mimi siku ile, katika baraza ya duka la leso, nilimwona mwungwana kwa macho yangu, naye alikuwa ameshika mkasi na uzi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Furaha ina deni. Halilipwi kwa makofi peke yake, wala halimaliziki kwa fedha peke yake. Hulipwa kwa mambo matatu: kumpa mtu ujira kamili wa kazi aifanyayo leo, kumsaidia katika udhaifu wake bila ya kungoja aombe, na kumkumbuka kwa kweli, yaani kumpa sifa iliyo yake na kumpa mwenziwe iliyo ya mwenziwe. La kwanza liko katika uwezo wa kila mmoja wenu leo hii. Mtaani kwenu yumo mzee au ajuza ambaye zamani alicheza, aliimba, au alifundisha, nanyi mnampita. La pili lataka watu wengi na serikali iliyo macho. La tatu lataka moyo mnyofu.

Bado naenda Biashara Street kila nirudipo nyumbani. Katika baraza ile sasa ameketi fundi mwingine, kijana, na ujira wa kupinda leso umepanda. Sijui kama kijana huyo huwa na jambo lingine afanyalo jioni. Lakini ujira autajao huwa naulipa kama ulivyotajwa.